Mwiba wa Mukawa

Mama alinituma mizizi. Alisema nipitie Mwala kwa Susu, nichukue mukawa na muteta wa magoti yake, nirudi Nairobi jioni hiyo hiyo. Nilipiga hesabu ya mtu anayekwenda dukani: nifike saa nne, nisalimie, ninywe chai kwa heshima, nilipe, na saa saba niwe stendi. Nilirudi Nairobi siku ya tatu.

Susu si nyanya yangu wa damu. Ni jirani wa nyumbani kwa kina mama, na pale kijijini kila mtu humwita hivyo, hata wazee wenye mvi zao. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Nilimkuta amekaa kigodani chini ya mlimau akipepeta majani makavu kwenye ungo. Akaniambia, "Wakya." Nikajibu, "Aa," na hapo karibu nusu ya Kikamba changu kikawa kimekwisha. Nikamweleza nilichotumwa. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza ungo ule aliniuliza swali ambalo sikulitazamia kwa mtu wa mitishamba.

"Mama yako anameza dawa gani za hospitali?"

Sikujua.

"Basi mpigie."

Mama alisoma jina la vidonge vyake vya presha kutoka kwenye pakiti, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Susu akaendelea na mengine kupitia kwangu. Goti linavimba au linauma tu? Linauma asubuhi akiamka au jioni akichoka? Tumbo likoje, ana vidonda? Usiku huamka mara ngapi kwenda haja? Simu ilipokatika alikaa kimya kidogo, kisha akasema muteta hatatoa. Mukawa atatoa, kidogo, wa kutia kwenye supu, na mama amwambie daktari wake kwamba anaunywa.

"Na huo mukawa sina," akaongeza. "Uliobaki kwenye kitete umechakaa. Tutauchimba."

"Leo?"

Akatazama jua kama mtu anayetazama mgeni mwenye haraka. "Leo kunywa chai."

Kwa watu wa nje, Mwala ni vinyago. Wamunyu imo humu, kwenye barabara ya kwenda Kitui, na ndiko Mutisya Munge alikoanzisha uchongaji aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Twiga na swala wa Wamunyu wamekwenda mbali kuliko wachongaji wao. Ufundi ule una chama cha ushirika, una maduka, na jina la mwanzilishi wake limeandikwa vitabuni. Ufundi wa Susu hauna cha kuweka rafuni. Siku ukifaulu, kinachobaki ni kikombe kitupu na mtu aliyelala vizuri. Lakini nilipokaa naye ndipo nilipoona kwamba fundi wa kinyago na fundi wa kikombe wanaanzia mahali pamoja, kwenye kuujua mti kabla ya kuugusa kwa chuma. Wachongaji walilipa karo ya somo hilo kwa uchungu: waliikata mihugu na mipingo mpaka ikawa adimu, ndipo wengi wakageukia miti inayopandwa na kuota upesi, mwarobaini, mwembe, jakaranda. Susu hajapungukiwa na mti bado. Nilikuja kuelewa kwa nini siku ya pili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya majani.

Chai aliyonitengenezea ilikuwa ya muthyeti, kichaka cha jamii ya Lippia chenye majani yanayokwaruza kidole kama ulimi wa paka. Ukilifikicha jani, harufu inapanda hadi nyuma ya macho, kitu kati ya limau na kafuri. Watu wa kusini mwa Afrika wana ndugu yake, Lippia javanica, nao humfanya chai ya mafua na kikohozi vilevile, ingawa hawajawahi kukaa kikao na Wakamba kukubaliana. Susu huchuma muthyeti asubuhi, umande ukishakauka na jua likiwa bado halijachoma, kisha huuanika kivulini, ndani ya jiko kuukuu lenye matundu ukutani. Nikamuuliza kwa nini asianike juani, ungekauka kwa siku moja. Alichukua jani moja la kivulini na jingine lililokuwa limedondoka uani likakaukia pale, akanipa yote mawili ninuse. La uani lilinuka nyasi.

Aliteleka maji kwenye mbisu, chungu cha udongo, juu ya mafiga. Yalipochemka akaepua. Hakutia jani hata moja. Akasubiri mpaka mapovu makubwa yakafa na uso wa maji ukatulia, ndipo akatia konzi moja, akafunika. Nikadhani amesahau, maana kwetu Nairobi chai yoyote huchemshwa hadi ifurike jikoni. Alipofunua baadaye, alikiinamisha kifuniko taratibu juu ya chungu, akakigonga kwa ukucha ili matone yaliyoganda chini yake yarudi ndani. Alikigonga mara tatu, akakikagua, akakigonga tena.

Matone yale ndiyo chai yenyewe. Kinachonukia kwenye muthyeti ni mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Ukiyachemsha wazi, jiko litanukia vizuri na mgonjwa atakunywa maji ya kijani. Susu hana neno la mafuta hayo. Anasema tu kwamba jani lina roho fupi na mzizi una roho ndefu, na kila kimoja kipewe moto unaokifaa.

Nilimkumbuka Tu Youyou wa China, na nikamsimulia Susu habari zake huku nikipuliza kikombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mama huyu na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria katika mimea ya kwao. Walikuwa na mmea mmoja, pakanga ya Kichina, ambao ulileta matokeo mazuri leo na mabaya kesho. Tu akarudi kwenye kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba yule mzee hakuchemsha: alilowesha konzi ya majani kwenye maji na kuyakamua. Pengine moto ndio ulioharibu. Akabadilisha njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na artemisinini ikapatikana. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015. Susu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Miaka yote hiyo walikuwa wanachemsha majani?" Kisha akacheka kwa huruma, kama mtu aliyesikia kwamba jirani alikuwa akipika muthokoi bila kuukoboa.

Nimalizie habari hiyo, kwa kuwa haikuishia kwenye tuzo. Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya pakanga kwa malaria. Kipimo cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki, na dozi pungufu huwafunza vimelea usugu. Nilipomwambia hilo hakubisha. Mtu akimjia na homa ya kutetemeka, alisema, humwambia aende akapimwe damu kwanza. Chai ataikuta akirudi.

Baada ya muthyeti alinionjesha mukenea, ambao Waswahili wa pwani huuita mjafari. Shina lake limejaa vinundu vya mti, kila kimoja kina mwiba juu yake kama titi la chuma, na mtoto hakosi kuukumbuka akishauparamia mara moja. Uko katika ukoo wa limau na chungwa, na jani lake halifichi nasaba hiyo. Uko pia katika jenasi moja na pilipili ya Sichuan inayofanya midomo ya Wachina ife ganzi. Tafuna kipande kidogo cha gome la mukenea nawe utaelewa, ulimi unaanza kuwashwawashwa kama umelamba betri. Susu hutumia majani kwa chai ya kila siku, bila ugonjwa wowote, kwa kuwa ni matamu. Nalipenda jambo hilo. Tunapozungumza juu ya mitishamba tunazungumza kama wagonjwa, wakati sehemu kubwa ya vikombe vinavyonywewa Ukambani ni vya asubuhi tu, vya kuwasha mwili kabla ya jembe.

Tangawizi yeye huchemsha, na mchaichai huloweka. Asali hutia mwisho kabisa, chai ikishapoa kiasi cha kuvumilika na mdomo, tena ni asali ya mizinga ya magogo, yenye rangi ya udongo. Mtoto asiyetimiza mwaka hampi asali hata kidogo, na hapa hospitali inakubaliana naye kwa sababu zake: mbegu za bakteria wa botulizimu huweza kuwamo, na utumbo wa mtoto mchanga hauna ulinzi. Kwa mkubwa mwenye kikohozi cha mafua asali hulainisha koo kweli. Mvuke hufungua pua. Maji ya moto humpa mgonjwa maji anayoyahitaji. Tangawizi hutuliza kichefuchefu. Ukijumlisha haya unapata nusu ya faida za chai zote za dunia, na sioni haja ya kuzipamba. Nairobi mahotelini mchanganyiko wa tangawizi, limau na asali umeandikwa kwenye orodha ya vinywaji kwa jina moja tu, Dawa, na bei yake ingemfanya Susu aketi.

Siku ya pili tukaenda kwenye magome.

Alinichukua saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijatoa makali. Mwala ni nchi kavu. Mvua kuu wanayoitegemea watu wake ni ya nthwa, ya Oktoba hadi Desemba. Ya uua, ya Machi hadi Mei, huja ikipenda. Miti ya huku imezoea kuweka akiba, na Susu hutembea katikati yao kama mtu anayepita kwenye mabenchi ya kanisani akijua nani amekaa wapi. Alisimama kwenye musemei, mgunga mweusi wenye maganda ya mbegu yaliyobanwa kama shanga. Akauzunguka mara moja. Upande wa nyuma palikuwa na kovu refu, limeziba, midomo yake imekutana. "Huyu nilimkata mwaka juzi," akasema, akaenda kwenye mwingine.

Alichagua tawi nene, si shina. Kwa kisu kifupi akachora mistari miwili kwenda chini, upana wa vidole vitatu, akakata juu na chini, akabandua. Gome likatoka kama mshipi. Akachukua udongo mbichi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe kutoka kwenye mfuko aliobeba, akapaka kidonda. Hapo tukaondoka. Mti mzima, umekuwa pale pengine kabla hajazaliwa, na akachukua kipande cha urefu wa mkono.

Nilijua sababu kwa njia ya vitabu. Chakula cha mti hushuka kutoka majanini kupitia gome la ndani. Ukikata mstari wa wima, chakula hupita pembeni. Ukizungusha kisu ukavisha mti pete, mizizi inakufa njaa, na mti unakufa polepole ukiwa umesimama. Njiani alinionyesha mmoja, muuku mkubwa, mkavu mpaka kileleni, umebanduliwa gome pande zote hadi kimo cha mtu. Watu walikuja na magunia, alisema. Hawakuwa wa hapa. Alisema hivyo bila hasira, lakini aliugusa ule mti alipopita.

Serikali nayo imewahi kuliona tatizo la magunia. Mwaka 1986 rais alipiga marufuku kuvuna shubiri mwitu, ile ambayo Wakamba huiita kiluma, na kanuni za mwaka 2007 zikaweka utaratibu wa kuilima na kuifanyia biashara. Susu ana viluma vitano pembeni mwa boma, vya kupaka majeraha ya moto. Vya kunywa havitaki. Anasema vinaendesha tumbo kuliko vinavyolitibu.

Nyumbani, gome la musemei liliingia kwenye mbisu likiwa na maji baridi, na moto ukawashwa mdogo. Hapa ndipo nilipoona chombo chake pekee cha kupimia. Kilikuwa kijiti. Alikizamisha kwenye chungu kabla ya kuteleka, akaweka alama ya ukucha pale maji yalipofika, kisha alama ya pili katikati. Akakaa. Hakukoroga, hakufunua ovyo. Kila baada ya muda alikizamisha kijiti, akakitazama, akakirudisha mapajani. Nilikuwa na saa mkononi na nikaona aibu kuitazama. Maji yalipoteremka hadi alama ya pili akaepua. Moto mkubwa ungefika pale kwa haraka zaidi, alikubali, ila moto mkubwa hukausha maji kabla gome halijafunguka.

Nilimuuliza kwa nini asitumie sufuria. Akainuka, akaleta kikaango cha chuma kilichotupwa nyuma ya banda, akamimina kijiko kimoja cha maji yale mekundu. Yakageuka meusi mbele ya macho yangu kama wino. Na ni wino hasa: musemei umejaa tanini, ambayo wasindikaji wa ngozi wameitumia tangu zamani, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi ambayo waandishi wa kale waliandikia. Ndiyo tanini hiyo hiyo inayokausha mdomo unapokunywa, ule ukakasi. Wamasai huuita mti huu olkiloriti, nao huutia kwenye supu ya nyama. Susu huutoa kwa kuhara na kwa tumbo lililolegea, kikombe kidogo, kwa siku mbili, basi. Huutoa mbali na chakula. Alijua kwa uzoefu kwamba wanaounywa sana na kila mlo "damu yao hupauka". Tanini hung'ang'ania madini ya chuma yaliyo kwenye chakula na kuyazuia yasiingie mwilini. Mambo mawili, kikaango na damu, ni jambo moja, na yeye alikuwa ameyashika kwa mkono mmoja bila kuwa na jina lake.

Jioni hiyo walikuja watu watatu. Nawataja kwa sababu ya namna walivyoondoka. Wa kwanza, mama mwenye mafua, alipewa muthyeti. Wa pili alikuwa msichana mjamzito aliyetaka kitu kichungu cha kusafisha tumbo. Alipewa uji wa mkwaju na maneno marefu. Mwarobaini hakupewa, na alipoulizia akaonywa asiuchume hata kwa jirani. Wa tatu alikuwa kijana mwenye macho ya njano. Susu alimvuta kope chini, akatazama, akamwambia aende hospitali ya Machakos kesho asubuhi, na akamkopesha nauli. Watu watatu, kikombe kimoja. Nilimuuliza anaishije kwa biashara ya namna hiyo. Akanionyesha kuku wawili waliofungwa miguu pembeni mwa mlango, malipo ya mtu wa wiki iliyopita.

Hapo ndipo Loliondo ilipoingia kwenye mazungumzo, na ni mimi niliyeileta. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe kijijini Samunge, eneo la Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Foleni za magari zilikwenda kilomita nyingi nyikani, Wakenya wakavuka mpaka kwa mabasi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wapo walioacha dawa zao za ukimwi wakiamini wamepona. Dawa ilikuwa mizizi iliyochemshwa ya mti ambao watu wa huko huuita mugariga. Mugariga ni mukawa. Ni mti ule ule niliotumwa na mama.

Susu alikuwa anajua. Mtu wa kijijini kwao alikwenda na akarudi na kisukari chake. "Mti haukudanganya," alisema. "Mukawa ni mti mzuri. Lakini kikombe kimoja, kwa sukari, kwa saratani, kwa pumu? Hakumuuliza mtu hata jina."

Sijasikia hukumu fupi kuliko hiyo juu ya jambo lile. Maabara nazo hazikuutupa mukawa. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba dondoo la mizizi yake lilipunguza makali ya virusi vya hepesi kwenye seli na kwa panya. Kati ya panya na mama yangu kuna safari ndefu, na wengi wanaouza majani kwenye pakiti zenye picha ya kiuno chembamba huiruka kwa hatua moja. Chai nyingi za kupunguza kitambi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha. Uzito unaopungua ni maji na choo. Nazitaja tu kwa kuwa zinaitwa chai.

Kufikiri kwamba Susu ni mabaki ya zamani kungekuwa kosa, na kosa hilo lina historia. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1925, na chini ya kivuli chake mtu wa mizizi na mtu wa hirizi waliogopwa pamoja. Mswidi Gerhard Lindblom, ambaye toleo la pili la kitabu chake juu ya Wakamba lilitoka Uppsala mwaka 1920, aliandika kwa urefu juu ya tiba na uganga wao. Kikamba chenyewe hakikusaidia kuvitenganisha, maana muti ni mti na muti ni dawa. Ilichukua muda mpaka wasomi wetu wenyewe wakaketi na kina Susu: John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki mwaka 1976, na Patrick Maundu wa Makumbusho ya Taifa ameandika kwa miaka mingi juu ya mimea ya chakula na miti ya Kenya pamoja na majina yake ya kienyeji. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima ya tiba asilia. Susu hajaisoma. Kitu kinachomsumbua ni kwamba mjukuu wake anayependa kazi hii anasoma shule ya bweni, na likizo za shule hazilingani na misimu ya majani.

Siku ya tatu tukapanda kilima.

Nilibeba jembe na kiondo. Njiani alinieleza juu ya muteta, ule alioninyima. Huo nao ni wa supu, mchungu, na wazee wa viungo huusifu sana. Lakini ni wa jenasi ya Strychnos, jamaa wa mti wa Asia unaotoa striknini, na Susu, ambaye hajalisikia jina hilo, humpa tu mtu anayeweza kumwona kesho yake. Mama yangu yuko Nairobi na ana presha. Hilo ndilo lilikuwa jibu lote.

Tulipofika kwenye mawe akasimama. Mbele yetu palikuwa na vichaka viwili, hatua kama kumi kutoka kimoja hadi kingine. Majani magumu, ya kijani yanayong'aa, yamepangana mawili mawili. Maua meupe yenye wekundu chini, na harufu tamu iliyokaribia ya yasmini. Nilivunja jani la kwanza, likatoa maziwa. Nikavunja la pili, likatoa maziwa.

"Mmoja ni mukawa," alisema. "Mwingine ni kivai."

Kivai ni mti wa mishale. Wakamba walikuwa wawindaji wa kuogopwa kwa sababu ya ivai, lami nyeusi iliyochemshwa kutoka kwenye mti huo, na kinachoua ndani yake, wabaini, husimamisha moyo wa tembo. Mukawa na kivai ni wa ukoo mmoja. Tunda la mukawa watoto hulila wakichunga mbuzi. Mafundi wa chungu cha uhai na wa chungu cha kifo waliishi kijiji kimoja, walitumia kuni za aina moja na subira ya aina moja, na walichuma kwenye kilima kimoja. Nilisimama na jembe langu nikielewa kwa nini mtu aliyezaliwa hapa hawezi kuwa na haraka na mizizi.

"Chagua," akasema, akakaa juu ya jiwe.

Nilizunguka vyote viwili. Nilinusa tena. Nilitazama rangi ya gome, umbo la jani, urefu wa kikonyo, na kila nilipodhani nimepata tofauti niliikuta na upande wa pili. Susu hakusema neno. Upepo ulikuwa ukitoka upande wa Yatta, na chini kabisa nilisikia mtu akitwanga. Mwishowe niliacha kutazama, nikaingiza mkono katikati ya matawi ya kichaka cha kwanza na kuuvuta polepole kutoka ndani. Ulitoka mzima. Nikaenda cha pili, nikaingiza mkono vilevile, na kitu kikanidunga chini ya kidole gumba mpaka nikapiga kelele. Ulikuwa mwiba mnyoofu, mrefu kama kijiti cha kiberiti, na mwingine ubavuni pake, na mwingine.

Nilimwonyesha tone la damu. Akalitazama, akautazama mwiba, akaugusa kwa ncha ya kidole chake mwenyewe.

"Ukikosa mwiba unaacha," alisema. "Hata kama una hakika."

Kisha akanionyesha pa kuanzia, hatua mbili kutoka shinani, mzizi wa pembeni, mmoja tu, na udongo niurudishe.